Darubini ya Rahisi na Kikaango cha Mama Lettie

Laurel Lick, West Virginia
Jumapili, 8 Machi 1987

Wifi yangu Opal,

Salamu tele kutoka huku milimani. Sisi wazima, ila mbweha amenichukulia kuku wawili, na goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Theluji inayeyuka, njia ya kanisani ni tope tupu. Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri na kiatu kimoja, cha pili kilibaki barabarani. Na wewe huko Akron? Ruby kaniambia kiwanda kimefungwa, na kwamba bado kila Alhamisi unakwenda kulenga shabaha na wanawake wenzako. Hongera, lakini mbona nisikie kwa binamu? Kalamu huna?

Haya, sasa sikia kilichonikalisha mezani. Tangu Harlan wangu atutoke, miaka miwili hii, hakuna Teeter aliyelala nyuma ya bunduki kwenye mashindano ya jumba la zimamoto. Denzil Lantz amekibeba kikaango cha mama yenu mara mbili. Sheria unaijua: ukoo ukishinda miaka mitatu mfululizo, kikaango ni chao mpaka kiama. Novemba hii ndiyo ya tatu. Juzi nilikwenda kwa mkewe, Maxine, kurudisha chupa zake za maharage, nikakikuta ndani ya beseni kimezama, povu juu. Anakiosha kwa sabuni, wifi! Kikaango ambacho Mama Lettie alikipaka mafuta ya nguruwe maisha yake yote, na hata baada ya kukitoa kiwe zawadi ya mashindano alikuwa anamfuata kila mshindi nyumbani kumfundisha kukitunza. Nikamwambia, "Maxine, kitashika kutu hicho." Akanijibu, "Kutu ya kwangu, Wilma."

Basi nimeapa, nitalala mimi. Kupiga najua, Harlan alinifundisha kwa bunduki yake ile ya risasi ndogo, ya kipimo cha ishirini na mbili. Tatizo ni macho. Nikikiona kile chuma cha mbele cha kulengea, karatasi ya shabaha, iliyo yadi hamsini, inakuwa ukungu. Nikiiona karatasi, chuma kinanipotea. Siku hizi darubini zinaruhusiwa, na Denzil anayo moja kubwa kama bomba la jiko. Mimi nina dola arobaini za mayai na sijui lolote. Ninunue ipi?

La pili ni dogo. Ijumaa nilikuwa napangusa ule ubao wa zimamoto ambao washindi hugongewa herufi zao kwa msumari. 1951, A.T., baba yenu. 1953, H.T., Harlan. Lakini 1952 mwaka upo, herufi hakuna. Ilikuwaje? Harlan kila nikimuuliza alikuwa anasema, "Muulize Opal." Haya, nimekuuliza.

Wifi yako akupendaye,
Wilma


Akron, Ohio
29 Machi 1987

Wilma,

Barua imefika. Mimi mzima. Mbwa amekufa, uzee tu, nimemzika chini ya kamba ya nguo. Hapa mvua haina adabu.

Usinunue kitu mpaka umalize kusoma. Kwanza msahau Denzil na bomba lake. Kwa yadi hamsini, darubini inayovuta mara nne inatosha, na mara sita ni anasa. Ikivuta sana utaona moyo wako mwenyewe unavyodunda, msalaba wa ndani utacheza ngoma, na utavuta kifyatulio kwa hofu. Unachonunua ni kioo safi, si ukubwa. Dukani ukipewa, toka nayo nje, itazame kibandiko cha gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Herufi za pembeni zikiwa safi kama za katikati, umepata. Zikiwa kama umezitazama kupitia chupa, mrudishie mwenyewe na umshukuru.

Pili, na hili ulipigie mstari: uliza kama imetengenezwa kwa bunduki ndogo kama yako. Hizo hurekebishwa kiwandani kwa yadi hamsini. Za kulungu hurekebishwa kwa yadi mia na zaidi, na kwako zitakutia wazimu. Tatu, zile nyembamba kama kalamu wanazouza pamoja na bunduki za watoto, ziache. Nne, tenga hela ya vishikio. Watu wananunua darubini nzuri halafu wanaifunga kwa vishikio vya bure, kisha wanalaumu upepo.

Kwa dola arobaini utapata iliyotumika, ya mara nne, nyeusi isiyong'aa, isiyo na sifa yoyote. Hiyo ndiyo yako. Haitapendeza.

Hilo lingine sina la kusema. Nisalimie mchungaji na kiatu chake.

Opal


Laurel Lick
Pasaka, 19 Aprili 1987

Wifi Opal,

Heri ya Pasaka! Pole kwa mbwa. Jana tulikuwa na chakula cha vitunguu mwitu pale zimamoto. Nimekula na viazi na nyama ya nguruwe mpaka leo kanisani nimejipatia benchi zima peke yangu, kwa harufu. Guy Hedrick, yule mwandika alama wa mashindano, anakusalimu sana. Ana meno mapya ya bandia na anayatoa kuyaonyesha hata asipoombwa.

Darubini nimepata. Ni nzuri. Usiniulize mengi. Nimeifunga mwenyewe mezani, bunduki nimeilaza juu ya magunia mawili ya unga, na wiki ijayo naanza mazoezi kule malishoni. Inapendeza kweli.

Sasa na mimi niseme. Umeniandikia ukurasa mzima wa vioo, 1952 ukairuka kama dimbwi. Na si mara ya kwanza kuruka. Kwenye mazishi ya Harlan ulisimama nyuma kabisa ya kanisa, ukarudi na basi la saa nane, hata sahani ya chakula nyumbani kwangu hukugusa. Sikukasirika. Hapana, nisidanganye siku ya Pasaka: nilikasirika. Kaka yako alikuwa anakutaja kila tulipokaa kula, Opal. Kama mlikosana, mimi ni nani nisiambiwe?

Ukikaa kimya tena nitakutumia vitunguu mwitu kwa posta.

Wilma


Akron
3 Juni 1987

Wilma,

Nimechelewa. Sikuwa mgonjwa.

Nina swali. Ule mwaka, 1952, una hakika hakuna herufi? Mwaloni mgumu huo, msumari mwembamba wakati mwingine haushiki vizuri. Chukua tochi, iweke ubavuni mwa ubao, mwanga upite juu yake umelala. Tazama kama kuna H hata ya kufifia. Niandikie unachokiona, si unachokidhani.

Na unitumie karatasi ulizopiga. Mtu anayesema "usiniulize mengi" kuhusu darubini amenunua takataka.

Opal


Laurel Lick
Jumapili, 21 Juni 1987

Wifi,

Huku maharage yamepanda nguzo mpaka yanatafuta pa kwenda. Nimeanza kuweka stroberi kwenye chupa, jikoni kunanata kila mahali, hata hii karatasi utaiona.

Nimekwenda na tochi kama ulivyoniamuru. Hakuna H. Hakuna mkwaruzo. Hapo ubao ni laini kama shavu la mtoto. Nikiwa nimepiga magoti juu ya kiti, Guy Hedrick akaingia, akanishika na tochi yangu kama mwizi. Nikamweleza. Akakaa chini, safari hii meno yakabaki mdomoni. Akasema, "Harlan alipewa msumari aandike herufi zake. Alitoka nje nao, akautupa mtoni. Wakamletea wa pili. Akautupa na huo. Emory Lantz, aliyekuwa mwamuzi, akamwambia, basi mwaka huu utabaki mtupu. Harlan akasema, na ubaki." Nikamuuliza Guy, kisa? Unajua alinijibu nini? "Muulize Opal." Bonde zima hili limekubaliana kunielekeza kwako!

Karatasi hizi tano ndizo bora. Utaziona mwenyewe. Risasi tatu zinakaa pamoja vizuri, ya nne inaruka kushoto, ya tano kulia, na mimi naapa msalaba ulikuwa katikati kila mara. Sijawahi kuvuka themanini na moja kati ya mia. Denzil hashuki tisini na tano. Nilikwenda kwa daktari wa macho Elkins, akasema yako sawa na umri wangu, kana kwamba hiyo ni habari njema. Sijui, wifi. Huenda nimezeeka. Nimeanza kujizoeza kukiona kikaango cha Mama Lettie kimejaa samaki wa Maxine milele, na kila nikijizoeza roho inaniuma upya.

Wilma


Akron
5 Julai 1987

Wilma,

Stroberi zimefika pamoja na barua. Nililamba bahasha.

Macho yako mazima. Mtu mwenye macho mabovu hutawanya risasi kila upande. Zako zinakwenda kushoto na kulia, kwa sababu kichwa chako ndicho kinachokwenda kushoto na kulia. Fanya hivi: laza bunduki kwenye magunia, msalaba uwe katikati ya karatasi, uiache, usiiguse. Sasa sogeza kichwa kidogo huku na huku nyuma ya kioo, kama kuku anayetazama punje. Msalaba ukitembea juu ya karatasi na bunduki haijasogea, basi wewe, Wilma Teeter, umenunua darubini ya kulungu. Kubwa. Inayong'aa. Inayovuta mara tisa. Nimekosea?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimekuwa nikingoja miaka mingi kumwambia mtu hivyo.

Usiitupe, huna hela ya nyingine, na wakati umekwenda. Punguza mwanya wa mbele. Tafuta kifuniko cha kopo kinachokaa mdomoni mwa darubini, toboa tundu katikati kabisa, dogo, linaloingia ncha ya kidole cha mwisho. Kiweke hapo, ukibane kwa utepe. Jicho litalazimika kukaa katikati, likitoka kidogo tu utaona giza. Picha itakuwa na kiza kidogo, vumilia. Rudisha uvutaji mpaka mara nne au tano. Na bandika kipande cha sponji kwenye kitako cha bunduki ili shavu likae palepale kila mara. Nilifanya hivyo na darubini yangu ya kwanza, kwa sababu na mimi nilinunua takataka, na hakukuwa na mkuu wa kumsikiliza.

La Guy nimelisoma. Nimelisoma mara nyingi. Nipe muda.

Opal


Laurel Lick
Jumapili, 2 Agosti 1987

Wifi mchawi,

Uliniona dirishani au? Nilisogeza kichwa kama kuku, msalaba ukatembea kama mlevi anayetafuta mlango! Haya, nakiri. Niliinunua kwenye meza ya vifaa vikuukuu pale mbele ya mahakama. Ile yako ya mara nne ilikuwepo, nyeusi, imenyamaza, imekaa kama mjane. Pembeni yake hii inametameta. Yule muuzaji akaniambia, "Mama, kwa hii utahesabu kope za kulungu aliye kilima cha pili." Nikamfikiria Denzil na bomba lake, akili ikanitoka. Rahisi ghali, nilifunzwa hivyo na mama yangu, na bado nikalipa.

Nilijaribu vifuniko vyote vya jikoni. Kikubwa, kidogo, hakuna kinachokaa. Halafu nikakiona kile kikopo cha ugoro cha Harlan, cha mwisho, kiko dirishani alipokiacha. Sijakigusa tangu siku ile. Nilizunguka jikoni nikifagia pasipo na uchafu. Mwishowe nikasema, mume wangu, niazime kifuniko. Kikaingia mdomoni mwa darubini kana kwamba walipimana, utepe kidogo tu. Nikatoboa kwa msumari nikakipanua kwa kijiti cha chuma. Kila nikilaza shavu nasikia harufu ya ugoro wake, napiga chafya kwanza, ndipo napiga risasi.

Tisini, wifi! Halafu tisini na tatu! Nilipiga kelele ng'ombe wakakimbia. Sasa sina haja ya kukusifu, utavimba kichwa.

Muda nimekupa. Lakini mimi si mtu wa kungoja, unanijua.

Wilma


Akron
27 Septemba 1987

Wilma,

Nimeanza barua hii mara sita. Hii ya saba naipeleka vyovyote itakavyotoka.

Mwaka 1952 nilishinda mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa na jipu mkononi, nikalala mahali pake, hakuna aliyekataa kwa sababu walidhani ni mzaha. Nilipiga tisini na nane kwa chuma tupu, bila darubini. Harlan akawa wa pili. Waamuzi watatu wakatia saini karatasi yangu, na mmoja wao alikuwa Emory Lantz, baba yake Denzil. Walipofika ubaoni Emory ndiye aliyeanza. Akasema herufi za msichana haziwezi kukaa pale, watu wa mabonde mengine watatucheka, apewe msumari mvulana wa pili. Mama alikuwepo. Baba alikuwepo. Wote kimya. Mimi nilikuwa mlangoni nikamwona Harlan akiinuka, akinyoosha mkono, akiupokea msumari.

Sikungoja nione mengine. Asubuhi nilikuwa kwenye basi la kuja huku. Harlan aliniandikia barua mbili mwaka ule, nikazirudisha bila kuzifungua. Mama akiandika hakugusa jambo hilo. Unajua kwetu, linalouma halitajwi. Ndiyo maana sikuingia nyumbani kwako siku ya mazishi. Nilijua ubao uko karibu na nilidhani najua umeandikwa nini.

Miaka thelathini na mitano, Wilma. Nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyetupa misumari miwili mtoni kwa ajili yangu. Nimelia wiki hizi kuliko nilivyolia siku tulipomzika.

Ndani ya bahasha kuna ile karatasi. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo. Sitaki chochote, sitaki makelele. Ila kama Guy anaweza kugonga herufi mbili kimyakimya, ningependa. Kwa ajili ya Harlan, mwaka wake usibaki mtupu.

Zoea upepo wa kutoka mtoni. Pumzi ya mwisho itoe nusu, nusu ibaki.

Opal


Laurel Lick
Jumapili, 8 Novemba 1987

Opal, Opal, wifi yangu,

Nimeshindwa. Nakwambia mapema ili usome kwa utulivu, maana yanayofuata utayasoma umesimama.

Jana baridi ilikuwa ya kuuma masikio, jua kali, watu wamejaa mpaka barabarani, supu ya maharage na mkate wa mahindi vinauzwa mlangoni. Nilipoitoa bunduki Denzil akapaza sauti, "Wilma, umekuja kupiga au kunusa?" Wakacheka wote. Nikamwambia, "Cheka sasa, kwa sababu nikilala utanyamaza." Nikapiga chafya yangu. Nikalala. Risasi tisa, wifi, zote zinaingia kama zimeitwa kwa jina. Walinyamaza kweli. Ya kumi, nikaona nimeshinda, nikatabasamu. Tabasamu likanyanyua shavu! Nikaipiga saba. Tisini na sita. Denzil, tisini na saba. Kwa alama moja, kwa sababu ya meno yangu mwenyewe.

Maxine alikuwa amekuja na kikaango kwa ajili ya sherehe. Kina kutu ukingoni, nilikwambia. Guy akatangaza: mwaka wa tatu mfululizo, ukoo wa Lantz, kikaango ni chao daima. Wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ikiwa mizito kama mawe. Denzil akachukua nyundo na msumari agonge herufi zake.

Nikasema, "Denzil, kabla hujaanza." Ulisema hutaki makelele. Samahani, mimi sijui kimyakimya. Nikaitoa karatasi yako nikampa. Akaisoma mara ya kwanza kwa tabasamu la ushindi, mara ya pili bila tabasamu. Akasema, "Huu ni mwandiko wa baba." Guy akasimama akasema, "Na huo wa chini ni wangu, na nimeaibika nao miaka thelathini na mitano." Akaeleza yote mbele ya watu, hata misumari. 

Denzil akatazama sakafu. Kisha akasema, "Baba alikuwa mtu mzuri aliyekosea. Nitaugonga mimi." Akaenda kwenye 1952, akaanza O, ta, ta, ta, taratibu, ameizungusha vizuri kabisa. Nilikuwa nimeanza kulia. Ndipo nikamwona Maxine anahesabu kwa vidole. "Hamsini na moja, Teeter. Hamsini na mbili... hamsini na tatu, Teeter..." Akaruka juu. "Denzil! Weka hiyo nyundo chini!"

Wifi, sikuwa nimewaza hilo hata kidogo, Mungu shahidi! Baba yako, wewe, Harlan. Mitatu mfululizo. Watu wote wakaanza kuhesabu, midomo inatembea kama kanisani. Kikaango ni cha Teeter tangu mwaka 1953! Tumekipigania miaka thelathini na minne na mchezo ulikuwa umekwisha. Guy alicheka meno yakamtoka kweli, yakaangukia kwenye supu.

Denzil alibaki na nyundo hewani, O imekwisha, T haijaanza. Maxine anamwambia, "Acha hapohapo, herufi moja si jina!" Alimtazama mkewe, akautazama mwandiko wa baba yake. Akasema, "Herufi moja ni matusi." Akagonga T. Watu walipiga makofi kuliko walivyompigia ushindi wake, na mimi nilimkumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Lakini usiku nimekaa nikafikiri jambo. Harlan alijua kuhesabu. Angeandika herufi zake 1952, basi 1953 angekipeleka kikaango cha mama yake nyumbani, kiwe chake milele. Alijua, Opal. Alilala kwenye ule ubaridi kila Novemba akipigania kitu ambacho angeweza kukipata kwa kugonga msumari mmoja, na hakusema neno hata kwangu mkewe. Nilimpenda mtu yule na kumbe sikumjua wote.

Leo Maxine amekileta mwenyewe, amekifunga kwa taulo. Amesema, "Kutu ni yangu, nisamehe." Nimempa chupa mbili za stroberi. Kipo mezani mbele yangu, sijakigusa, kwa sababu si changu. Ni chako. Denzil anauliza mwakani watapigania nini sasa. Nimemwambia amuulize Opal.

Na kingine. Nilikuwa natafuta utepe kwenye sanduku la vyombo vya kazi vya Harlan, chini kabisa nikakuta bahasha mbili zenye jina lako, mihuri ya Akron, zimerudishwa. Hazijafunguliwa mpaka leo. Nikutumie?

Wilma


Akron
14 Novemba 1987

Wilma,

Saba! Kwa tabasamu! Nilijua nimesahau kukufundisha kitu.

Kikaango usikipake chochote, usikisugue. Nitakitoa kutu mwenyewe, kwa chumvi na mafuta ya nguruwe, kama Mama. Nafika Elkins Jumatano tarehe 25, basi la saa tisa alasiri. Mkate wa mahindi wa Sikukuu ya Shukrani nitaupika ndani yake mimi, na ukitia sukari narudi na basi lilelile.

Mwambie Denzil kikaango kinarudi mezani Novemba ijayo, na sheria ya miaka mitatu inaanza upya. Anayekitaka atalala karibu yangu. Nakuletea darubini ya mara nne, nyeusi, isiyo na sifa. Hiyo yako inayong'aa mpe yeye akahesabu kope za kulungu. Kifuniko cha ugoro baki nacho.

Hizo barua usinitumie. Kutoka kituoni tusiende nyumbani kwanza. Unipeleke kaburini kwa kaka yangu, nizisome hapohapo, kwa sauti. Beba blanketi na viti viwili. Harlan hakuwahi kuandika kwa kifupi.

Wifi yako,
Opal